Urefu wa Mtutu

Kioo kilipogusa jicho la Ndeshi kilitetemeka kama tone la maji, kikatulia. Papo hapo kilengeo, kile kipete kilicho mwishoni mwa mtutu wa bunduki, kikawa cheusi ti.

"Mama, naona hadi mkwaruzo wake!"

Mama yake, Elinami, alikuwa amesimama kando. Alikuwa anamkazia macho fundi wa miwani wa uwanja wa shabaha wa Moshi Mpya.

"Mlengaji haangalii shabaha, mama," fundi alieleza. "Anaangalia kilengeo. Shabaha ikififia kidogo, sawa tu. Miwani ya kawaida ingemfaa, ila aizoee taratibu. Hiki ni kioo-sikivu. Kinavaliwa macho yote mawili, kinasikiliza misuli na kujirekebisha chenyewe. Lakini akimaliza kulenga akivue. Kikilala humo, kinaota mizizi."

"Kinaota! Mwanangu, chukua miwani."

"Mama nawe! Mchujo wa timu ya taifa ndio huo unakuja. Wewe kila kipya unakiogopa."

Basi ikawa kila jioni Elinami anamngojea mlangoni. "Umevua?"

"Hata shikamoo yangu hujaitikia, unauliza kioo! Nimevua."

Wanacheka, wanaingia kula. Kumbe hakuvua. Kioo kikivuliwa, kesho yake kinaanza kujifunza jicho upya, na risasi za kwanza zinakwenda pembeni. Ndeshi hakutaka kupoteza hata moja. Nyinyi wenye watoto, msiishie kuuliza mlangoni. Mshikeni mtoto kidevu, mmtazame macho.

Siku ya mchujo alipiga katikati, akapiga tena katikati, mpaka watu wakasimama. Elinami alikimbia na khanga mpya amfunge mshindi wake, kama mama wengine wanavyofanya.

"Mwanangu!"

Ndeshi aligeuza uso huku na huku. "Mama? Nakusikia. Uko wapi?"

"Si huyu hapa, nimekushika!"

"Naona ukungu tu."

Fundi alimjaribishia miwani moja baada ya nyingine. Kila aliyoiweka, kioo kiliipinga nguvu yake, kikarudi palepale kilipofundishwa: urefu wa mtutu.

"Kitoe!"

"Nikikivuta, mama, navuta na mboni."

Elinami alimkaba kola. "Basi toa yangu! Toa yangu umpe, mimi nimeshaona vya kutosha! Unanitazama nini? Toa!"

"Mwachie, mama," Ndeshi alisema. "Hebu rudi nyuma kidogo."

Akarudi.

"Bado. Kidogo tena. Hapo! Hapo hapo, usisogee." Ndeshi akatabasamu. "Kumbe unalia."

Elinami alinyoosha mikono amfunge khanga. Haikufika. Akapiga hatua mbele, na macho ya mwanawe yakaanza tena kumtafuta hewani.

Akarudi nyuma, akasimama pale alipoambiwa, khanga ikining'inia mkononi.