Bahasha ya Maskati

Saa kumi na moja na dakika kumi jioni, Alhamisi ya tarehe 11 Februari 1999, Ashura Husseini alivuta droo ya meza chumbani kwake akakuta kanga mbili na tasbihi. Bahasha ya kaki haikuwepo.

Aliing'oa droo nzima akaimwaga kitandani. Lahaula! Paspoti, tiketi ya ndege, mkataba wa kufundisha Kiingereza Maskati, vyote vilikuwa ndani ya bahasha ile. Basi la Nairobi lingeondoka kesho yake saa moja jioni, ndege Jumamosi adhuhuri. Asiporipoti Jumapili, nafasi ingepewa mwingine. Wala asingeweza kuomba tena mwakani, maana shule ya Maskati haikuchukua mwalimu aliyetimiza miaka thelathini na mitano, naye angeitimiza Aprili.

Basi msimwone mwepesi wa machozi mkamcheka. Miaka sita alikuwa mwalimu wa kulipwa na wazazi, si serikali, katika shule hii ya wasichana pembeni mwa mji wa Kakamega. Serikali ilikuwa imesimamisha kuajiri, na kila Januari aliambiwa asubiri. Alisubiri mpaka huko kwao Mumias wakaacha kumuuliza lini ataajiriwa. Kisha Swafia, aliyesoma naye, akamwandikia kutoka Maskati kwamba kuna nafasi. Alimchorea hata ramani: chumba chako kiko mtaa wa Ruwi, juu ya duka la mkate, ukitoka, pinda kulia, pita msikiti, shule utaiona. Ashura alikuwa ameihifadhi njia ile kichwani. Usiku akilala, alikuwa ameshahamia.

"Mideva!" alipiga kelele. "Mideva, nimekwisha!"

Mideva, mwalimu wa sayansi kimu aliyekaa naye nyumba moja kwa miaka mitano, alikuja mbio mikono ikinuka vitunguu. Walipekua mpaka chini ya godoro. Wapi!

Saa kumi na mbili walikuwa kituo cha polisi. Afande wa zamu aliandika mistari mitatu, akafunga kitabu.

"Rudi Jumatatu, madam. Mpelelezi ameenda Butere."

"Jumatatu nitakuwa nimeshapoteza kazi, afande!"

"Sasa mimi nifanye nini?" afande akasema, na kweli alionekana hajui.

Hivyo Ijumaa asubuhi Ashura akaamua kumsaka mwizi mwenyewe. Alikaa na kalamu, akaandika anayoyajua. Jana saa nane na robo mchana aliingia chumbani kubadilisha mtandio, akaiona bahasha kwa macho yake. Alifunga mlango wa nyumba, akaenda kupanga meza za karamu yake ya kuagwa. Karamu ilianza saa kumi. Mlango haukuvunjwa. Funguo za nyumba zilikuwa tatu: wake, wa Mideva, na wa akiba uliotundikwa ofisini.

"Wako ulikuwa wapi?" alimuuliza Mideva, na swali lenyewe lilimwuma.

Mideva alimtazama kwa uchungu. "Unanishuku mimi, Ashura? Haya, niulize. Nilirudi kutoka mjini saa tano na beseni la kuku, nikaingia jikoni mwa shule, sikutoka tena. Wapishi wawili walikuwa nami. Saa nane u nusu nilimpa Kiprotich ufunguo achukue viti vya sebuleni."

Kiprotich! Mwalimu huyu wa historia ndiye aliyekuwa wa pili kwenye orodha ya Maskati. Ashura asipokwenda, Kiprotich anakwenda. Na karamuni jana kiti chake kilikuwa kitupu.

Alimkuta saa tatu chumba cha walimu, akamsimamia kichwani mbele ya watu.

"Nipe bahasha yangu."

"Bahasha gani?"

"Uliingia kwangu jana. Halafu ukatoroka. Ulikwenda wapi?"

Kiprotich aliweka chaki chini taratibu. "Niliingia na wasichana wanne wa Form Two. Waite. Mimi nilisimama mlangoni nikihesabu viti, na ufunguo wakaurudisha wao kwa Mideva. Kutoka hapo nilienda posta kupiga simu, kisha nyumbani." Alitoa karatasi ya posta mfukoni, iliyoonyesha saa tisa na dakika tano, simu ya Nairobi kwa wakala wa kazi ya Maskati. "Nilimwambia afute jina langu. Mke wangu Jepchirchir anajifungua mwezi ujao, siwezi kumwacha. Sasa niibe nafasi ambayo nimeikataa?"

Wasichana wanne waliitwa, wakasema vilevile. Ashura aliona haya hata akashindwa kumwangalia. Kiprotich hakukasirika. "Tafuta, dada," alisema. "Muda unakwisha."

Ukabaki ufunguo wa ofisini. Awinja, karani wa shule, alikuwa na ubao ukutani, kila nyumba na msumari wake.

"Ufunguo yenu iko," alisema Awinja. "Lakini leo asubuhi niliikuta msumari ya nyumba nane. Nyinyi ni nyumba tano. Mimi sichanganyangi."

"Jana ulifunga ofisi?"

"Saa nane kamili, nikaenda kuosha sahani bombani. Si uliniona huko mpaka chakula? Nilirudi hapa leo."

"Nani mwingine ana ufunguo wa ofisi?"

Awinja alishusha sauti. "Mwalimu Mkuu peke yake."

Ashura alitaka kucheka. Mzee Erastus Lusweti? Yeye ndiye aliyemwandikia barua ya sifa kwenda Maskati, na jana alimwombea safari njema mpaka watu wakalia! Lakini ilikuwa saa tano na nusu, na hakuwa na mwingine wa kumuuliza.

Mwalimu Mkuu alimpokea kwa mikono miwili. "Pole, binti yangu. Pole sana. Pengine Mungu anataka ubaki nasi."

"Mzee, jana kati ya saa nane na saa kumi ulimwona mtu yeyote karibu na nyumba zetu?"

"Ningemwonea wapi? Nilikuwa nyuma ya jiko, peke yangu. Wale jogoo wawili wa karamu yako nilichinja mimi, kwa mkono wangu huu. Unajua sisi, mgeni wa heshima anachinjiwanga na mwenye boma mwenyewe. Sikumwachia mpishi ingokho, kuku wako."

Ashura alisimama kama amepigwa kofi. Kwa muda bahasha ilimtoka kichwani. Erastus alikuwa mzee wa kanisa, na jana yeye Ashura, binti wa Kiislamu kutoka Mumias, alikula mapaja mawili akaramba na vidole! Alitoka bila kuaga, akakimbia mpaka jikoni.

"Mideva! Wale kuku jana alichinja nani? Mzee anasema ni yeye, mchana!"

Mideva alishangaa. "Sheikh Yasin, pale msikitini mjini. Asubuhi, saa nne. Miaka mitano nakaa na wewe, nikulishe kibudu siku ya kukuaga? Nilikuja na beseni hapa wakiwa wameshanyonyolewa. Saa sita walikuwa motoni. Jogoo wa kienyeji wale, ukichinja saa tisa utakula saa kumi?"

"Alikuja mtu kuchinja hapa nyuma?"

"Nani? Kuku walikuwa wawili tu, wa tatu angetoka wapi?"

Ashura alikaa juu ya gunia la mahindi. Alhamdulillahi, alisema. Kisha ile nafuu ikageuka kitu kingine: kama mzee hakuchinja, alikuwa wapi saa ile?

Saa tisa alasiri, mzee aliporudi kutoka mjini, zikiwa zimebaki saa nne basi liondoke, aliingia ofisi ya Mwalimu Mkuu pamoja na Mideva na Kiprotich. Awinja alisimama mlangoni.

"Mzee, jana hukuchinja kitu," alisema Ashura. "Ulitaka kunionyesha ulivyoniheshimu, ukasahau kwamba mimi sili kuku wa kuchinjwa na kila mtu. Walichinjwa mjini asubuhi. Wewe ulifungua ofisi ya Awinja sisi sote tukiwa bombani, jikoni na mezani, ukachukua ufunguo, ukaurudisha kwenye msumari wa nyumba nane. Bahasha iko wapi?"

"Mwalimu Ashura, unamwita mzee kama mimi mwizi?"

"Ndiyo."

Hakuna aliyemtetea. Erastus aliwatazama mmoja mmoja, kisha mabega yakamshuka. Alifungua kabati, akatoa bahasha kutoka katikati ya mitihani ya zamani, akaiweka mezani.

"Jumatatu ningeirudisha," alisema. "Ningesema imeokotwa."

"Jumatatu!" Ashura alilia sasa, waziwazi. "Uliniandikia barua ya sifa wewe mwenyewe!"

"Niliandika nikijua hawatakuchukua. Wamekuchukua. Nina wasichana arobaini na sita Form Four. Nimeomba mwalimu wa Kiingereza wilayani mara tisa. Mara tisa! Wakianguka Kiingereza, wameanguka yote, wanarudi nyumbani kuolewa. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia!"

"Ungebaki?"

Ashura alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Kiprotich alipiga meza. "Twende polisi, sasa hivi."

"Twendeni," alisema Erastus, tena bila kiburi. "Sitakataa. Lakini jueni, paspoti hiyo itakuwa kielelezo. Itakaa kituoni mpaka kesi iishe, na mlalamishi atahitajika kutoa ushahidi."

Mzee yule alikuwa anasema kweli, na kila mtu alijua. Akimshtaki, atabaki. Akitaka kwenda, amwache akae kwenye kiti chake kile kile, chini ya picha yake ile ile, kana kwamba hakuna lililotokea.

Ashura aliinyakua bahasha. Alifungua paspoti, tiketi, mkataba, akavikagua kimoja kimoja.

"Sikusamehi," alimwambia. "Usije ukasimulia kwamba nilikusamehe."

Alitoka. Njia ya kwenda nyumbani ilipita mbele ya Form Four. Wale wasichana walikuwa peke yao darasani, vitabu vya Kiingereza vimefunguliwa, hakuna mtu mbele. Walipomwona walisimama wote kwa pamoja, kama walivyozoea. Chepkemoi, kiranja wao, alikuja mpaka dirishani.

"Mwalimu, tunaona umepata vitu vyako. Tumefurahi. Sasa Jumatatu nani anakuja kutufundisha?"

Ashura aliibana bahasha kifuani. Aliangalia nyuso zile arobaini na sita, na kwa mara ya kwanza tangu jana alielewa mkono wa mzee yule ulivyoingia kwenye droo yake. Alimchukia zaidi kwa hilo.

"Mwalimu Mkuu ameshampata," alisema. "Yuko njiani."

"Anaitwa nani?"

"Atawaambia mwenyewe. Someni sura ya saba."

Wasichana walikaa, wakafunua kurasa. Ashura akaenda kufunga sanduku lake.