Tamein ya Kijani

Nandar alikuwa na mabeseni mawili, na ole wake ayachanganye. La bluu lilikuwa la nguo za wanaume: vikoi vya baba, fulana za kaka yake Zeya, na bandeji ndefu ambazo Zeya alijifunga mikononi kabla ya kupigana. Jeusi, lililopasuka ukingoni, lilikuwa la nguo za wanawake. Asubuhi kabla ya shule alifua za wanaume na kuzianika kwenye kamba ya mbele, juu, penye jua. Alasiri ndipo aliposhuka mtoni na nguo zake na za mama. Hizo zilianikwa nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya chini karibu na zizi la nguruwe.

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba zote za Kyaukye, kijiji kilicho ukingoni mwa mto Irawadi. Watu walisema mwanamume huzaliwa na pon, yaani nguvu na heshima yake, na kwamba akipita chini ya tamein, nguo ambayo wanawake hujifunga kiunoni, pon hiyo humtoka. Hakuna aliyewahi kuiona ikimtoka mtu, lakini hakuna aliyethubutu kuuliza. Nandar, msichana wa miaka kumi na miwili aliyemchosha mwalimu kwa maswali, hilo hakuwahi kuliuliza.

Mwaka huo nyumba nzima ilikuwa ikimtazama Zeya. Alikuwa kijana wa miaka kumi na saba, na angepigana ndondi za kwao zisizo na glavu kwenye sherehe za pagoda, hekalu lao la Kibuddha. Baba yao, U Tun Hla, alikuwa bondia mpaka goti lake lilipovunjika. Tangu hapo hakuwa na jingine la kuzungumza ila mikono ya mwanawe.

Sherehe zilipokaribia, Nandar alikuta kwenye beseni la bluu bandeji yenye damu na usaha. Ilinuka vibaya. Akaichukua na kumfuata Zeya nyuma ya jiko.

"Kaka, hii nini?"

"Hakuna kitu." Zeya aliuficha mkono wa kulia. "Nilimpiga Htet mdomoni mazoezini, jino lake likanichubua."

"Hebu nione."

Palikuwa na tundu dogo juu ya kifundo cha kidole, na mkono wote ulikuwa umevimba.

"Huu unaoza, kaka! Mwambie baba akupeleke kliniki."

"Nimwambie naumwa? Mimi?" Zeya alicheka bila furaha. "Unajua atakavyojibu. Jikaze kiume! Tena wewe, ukifungua hilo domo lako, nitakung'oa meno."

Nandar alimwogopa kaka yake, akanyamaza. Aliifua ile bandeji mpaka ikawa nyeupe.

Kesho yake nguruwe aliikata kamba ya nyuma. Tamein ya shule ya Nandar, ya kijani kama za wasichana wote wa shule, ilikuwa bado mbichi, naye hakuwa na nyingine. Mtihani wa mwisho wa mwaka ulikuwa unabisha hodi. Akatazama huku na huku, akaitundika kwenye kamba ya mbele. Ni kidogo tu, alijiambia, ikipata jua naitoa.

Zeya alitoka ndani mbio akielekea mazoezini. Alipita chini ya ile tamein bila hata kuinua macho.

U Tun Hla aliona. Hakuishika ile nguo kwa mkono, la hasha. Alitafuta kijiti, akaitungua nacho na kuitupa matopeni.

"Omba asishindwe," alimwambia binti yake. "Omba sana."

Zeya alishindwa. Alishindwa vibaya, mbele ya kijiji kizima, mkono wa kulia ukining'inia ubavuni kama si wake. Mpinzani wake alimpiga mpaka watu wa nyuma wakaanza kuondoka.

Jioni hiyo U Tun Hla alimwita Nandar uani. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, maana aibu ya mwenzio haihitaji mwaliko.

"Waambie ulichofanya."

"Baba, niliianika mbele. Lakini sicho kilichomwangusha. Mkono wake ulikuwa mbovu kabla! Mimi ndiye nafua bandeji zake, nimeona usaha. Mwulize mwenyewe."

Wote walimgeukia Zeya. Alikaa kwenye ngazi, mkono wa kulia chini ya taulo, jicho moja limeziba. Nandar alimtazama kwa matumaini yake yote.

"Anaongopa," alisema Zeya. "Mkono wangu mzima."

Kofi lilimpata Nandar shavuni, akaanguka juu ya kuni. Kabla hajainuka, baba yake alikuwa ameshaiinua kwa kijiti ile tamein ya kijani, iliyokuwa imefuliwa upya, na kuiweka juu ya moto wa kupikia. Ilitoa moshi mwingi kwanza, kisha ikashika. Mama yake, Daw Mya, alisimama na upawa mkononi. Midomo ilimcheza, lakini hakutoa neno, na hilo lilimuuma Nandar kuliko kofi.

"Shule basi," alisema U Tun Hla. "Mkosi kama huu unasomeshwa wa nini? Atakaa hapa afue, ajue nguo ipi inakaa wapi."

"Afadhali," jirani yao Daw Pwa aliitikia kutoka kwenye ua. "Mtoto wa kike akisomasoma ndiyo haya."

Kuanzia siku hiyo Nandar hakuwa na pa kuweka uso. Alikula wengine wakishamaliza. Akipita njiani na beseni, Htet na vijana wa mazoezi waliinama na kujifunika vichwa.

"Inameni jamani, mkosi huyo!"

"Dada, utatuangusha na sisi? Pita mbali!"

Kengele ya shule ilipolia aliisikia vizuri kutoka mtoni. Wenzake walikuwa wakirudia somo kwa ajili ya mtihani, naye alikuwa akisugua kola. Alilia akifua, kwa kuwa mtoni hakuna anayeuliza kwa nini uso wako umelowa.

U Tun Hla, kwa upande wake, alikuwa na dawa ya kurudisha pon. Zeya akimbie mchangani kila alasiri, kwenye jua, mpaka mkosi umtoke kwa jasho. Alimfuata nyuma akichechemea na kupiga kelele. "Jikaze! Jikaze kiume!" Zeya alikuwa anatetemeka huku jua likiwaka. Mkono aliufunga bandeji mpaka kwenye kiwiko.

Alasiri moja wanawake walikuwa wakifua, kila mmoja na lundo lake la tamein, wakati Zeya alipopepesuka mbele yao na kuanguka kifudifudi. Nandar ndiye aliyefika kwanza. Aliifungua bandeji, na hata Daw Pwa akaziba pua. Vidole viwili vilikuwa vimegeuka vyeusi. Mstari mwekundu ulipanda kutoka kwenye kiganja hadi karibu na kwapa.

"Amka!" U Tun Hla alimtikisa. "Amka, wewe ni mwanamume!"

"Ana homa, baba, anaungua!" Nandar alipiga kelele. "Kliniki!"

Lakini mto ulikuwa umekauka nusu, na kati yao na barabara palikuwa na uwanja wa mchanga ambao hata ng'ombe na mkokoteni walizama. U Tun Hla alimwinua mwanawe begani. Alipiga hatua chache, goti likakataa, wakaanguka wote wawili. Alijaribu tena, wakaanguka tena.

Nandar alitazama malundo ya nguo. Tamein hushonwa duara, kama gunia lisilo na kitako. Alichukua mwanzi ambao mama yake alibebea nguo begani, akachukua na wa Daw Pwa, akaanza kuzipitisha tamein moja baada ya nyingine kwenye mianzi ile miwili, hadi ikawa machela. Za mama, za majirani, mbichi na kavu. Kikoi cha mwanamume hakikuwepo hata kimoja. Vya wanaume hufuliwa asubuhi.

U Tun Hla alipoelewa, alimshika mkono. "Umerogwa? Mwanangu alale juu ya nguo hizo? Utammaliza kabisa!"

"Keshamalizika!" Hiyo haikuwa sauti ya Nandar. Ilikuwa ya Daw Mya, na wanawake wote waligeuka kwa kuwa hawakuwahi kuisikia ikipanda hivyo. "Mwache mtoto! Au mbebe wewe. Mbebe basi, tukuone!"

U Tun Hla aliuachia mkono wa Nandar. Ndipo Zeya akafungua macho.

"Baba, nilaze hapo," alisema kwa shida. "Mkono ulioza kabla ya ile tamein. Dada alisema kweli. Mimi ndiye niliyeongopa."

Walimlaza. Daw Mya na Nandar walishika mbele, Daw Pwa na mwanamke mwingine nyuma, wakaanza kuukata ule mchanga bila kusimama. U Tun Hla aliwafuata akichechemea, na safari hii hakuwa na la kumpigia mtu kelele.

Kliniki walimkata Zeya vidole viwili. Daktari alisema wangechelewa kidogo zaidi angeukata mkono, au asingekuwa na wa kumkata. Ndondi zilikuwa zimekwisha.

Zeya aliporudi nyumbani, majirani walikuja tena kwenye ua. Daw Mya alitoka na tamein mpya ya kijani, aliyoishona mwenyewe, bado ikichuruzika maji. Aliitundika kwenye kamba ya mbele, katikati, kisha akawageukia.

"Mlikuja kusikia mwanangu akiitwa mkosi, basi sikieni na hili," alisema. "Nguo ni nguo. Haikula kidole cha mtu. Vidole vya Zeya vimeliwa na usaha na kunyamaza. Tulimfundisha mvulana kwamba akisema anaumwa si mwanamume, akanyamaza mpaka akaoza. Tukamfundisha msichana kwamba neno lake si neno, akasema kweli tukamchapa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na upawa wangu, nikatazama. Sitatazama tena. Kesho Nandar anakwenda shule. Na mabeseni yangu kuanzia leo ni mamoja."

Daw Pwa alijifanya anatafuta kiatu chake.

Nandar alimtazama baba yake. Alikuwa bado amesimama nje ya ua, na njia ya kuingia nyumbani ilipita chini ya kamba. U Tun Hla aliiangalia ile tamein, akawaangalia majirani, akamwangalia mwanawe aliyechuchumaa kando ya beseni, akifua bandeji zake mwenyewe kwa vidole vinane. Akaanza kutembea. Alipofika kwenye kamba aliinama, kwa mazoea, kisha akajinyoosha.

Nguo mbichi ilimgusa kichwani, maji yakamtiririka usoni. Hakuyafuta. Alipita akaingia ndani.