Neno la Mgeni Bwawani

Lidwina na Kunegunda walikuwa majirani huko Matogoro. Kila mmoja alikuwa na bwawa la perege bondeni. Asubuhi walishuka pamoja kuwapa samaki pumba, huku wakipiga soga.

Kunegunda ndiye aliyeanza kutumia samadi. Alisimika vijiti kuzungushia pembe moja ya bwawa, akajaza samadi ndani yake. Maji yakawa ya kijani kwa vijimea vidogo, samaki wakapata chakula. Lidwina aliona, akauliza, akafanya vilevile.

Ilikuwa miaka ya soko huria, na wageni wa miradi walipishana Songea. Siku moja mgeni mmoja alikuja kuona mabwawa. Kunegunda alikuwa Peramiho, akimuuguza mama yake. Mgeni aliwapenda sana perege wa Lidwina. Akawageukia majirani waliokuwapo, akasema jambo kwa Kiingereza, akampa Lidwina mkono, akaondoka.

Kajetani, mume wa Kunegunda, alikuwa miongoni mwao, na aliwahi kufanya kazi hotelini. Alijua Kiingereza kidogo. Mkewe aliporudi, akamwambia, "Mgeni kasema Lidwina ameiga."

Kesho yake Kunegunda alishuka bondeni peke yake. Lidwina akamsalimu. Hakuitikiwa.

"Hata mgeni kasema umeiga; Kajetani alimsikia," Kunegunda alisema. "Umeniibia ujuzi wangu."

 Lidwina aliona aibu. Mchana akaanza kung'oa vijiti vya samadi. Ida, mwalimu wa elimu ya watu wazima, alikuwa akipita.

"Mbona unang'oa, mama?"

"Nimeaibika, Mwalimu. Mgeni kasema mimi ni mwigaji. Bwawa naliacha."

Ida akamshika mkono, wakaenda kwa Kunegunda. Kajetani alikuwa barazani na mkewe.

"Shikamoo, baba. Yule mgeni alisema nini hasa?"

"Marahaba. Alisema, 'All of you should emulate Lidwina.' Emulate si kuiga?"

"Ni kuiga, lakini si kama kasuku. Ni kumwona mtu anafanya vizuri, ukajitahidi umfikie, hata umpite. Sasa, hapo nani aige?"

Kajetani alifikiri. "'All of you', yaani ninyi nyote. Basi ni sisi sote."

"Na anayeigwa?"

"Lidwina." Akajikuna kichwa. "Kumbe nimegeuza maneno."

"Ndiyo, baba. Hakulaumiwa. Alisifiwa."

"Hilo ndilo linaloniuma zaidi," Kunegunda alisema. "Kasifiwa kwa kitu changu."

Kisha Lidwina akasema, "Ni kweli, dada. Sikuelewa maneno yake, lakini niliona amefurahi. Ilinipasa kumpeleka kwenye bwawa lako. Sikufanya hivyo. Nisamehe."

"Kujifunza kwa mwenzako si wizi," Ida alisema. "Ila mtaje aliyekufundisha."

Kunegunda alimtazama Lidwina. "Yamekwisha," akasema. "Karibu ukae."

Wiki iliyofuata majirani walikuja kwa Lidwina kujifunza. Hakuwaonyesha bwawa lake kwanza. Aliwapeleka kwa Kunegunda.

"Huyu ndiye mwalimu wangu," akawaambia. "Mwulizeni yeye."

Kunegunda akawaeleza kila kitu, tangu kusimika vijiti hadi rangi ya maji. Mwaka ule mabwawa mapya yalichimbwa bondeni, na watoto wa Matogoro wakala samaki mara nyingi zaidi.

Siku ile ya mafunzo, majirani walipoondoka, Kunegunda alibaki akitazama bwawa la Lidwina.

"Mwenzangu, samaki wako wamewazidi wangu. Unafanyaje?"

"Nafyeka majani ukingoni, jua lipige maji."

Kunegunda akatazama majani marefu ya ukingo wake. Akacheka, akaenda nyumbani kuchukua fyekeo.