Tumbo la Nzigire na Swali la Aibu

Nzigire anauza sambaza sokoni Kamembe. Kila asubuhi anawapanga samaki hao wadogo katika beseni, na kabla ya saa sita beseni huwa tupu. Mumewe, Ntabaza, anashona viatu karibu na kituo cha mabasi. Wanaishi na binti yao Jolie, pamoja na Mzee Bashige, baba yake Ntabaza, aliyehamia kwao kutoka Bukavu.

Jumanne moja Nzigire alirudi nyumbani beseni likiwa bado nusu. Tumbo lilimshika, likamwachia, likamshika tena. Akatapika maji ya kijani.

"Ni uchafu wa ndani," Mzee Bashige alisema. "Apige lavema. Yote itatoka."

Katika nyumba hiyo, kila tumbo lilikuwa na dawa moja, hiyo lavema. Ilipigwa kwa kipira chekundu chenye mdomo mrefu, kilichoning'inia nyuma ya mlango. Majani huchemshwa, kisha maji yake huingizwa kwa nyuma. Hata majirani walikiazima. Kama walikiosha, mimi sijui.

Nzigire akapiga lavema. Choo kidogo kikatoka. Wote wakafurahi, na Ntabaza akampikia uji. Uji ulirudi wote. Asubuhi tumbo lilikuwa limevimba.

"Sielewi," Ntabaza alisema. "Choo imetoka. Sasa tumbo inajaa nini?"

Akamwita jirani yao Dancille, mshauri wa afya wa kijiji. Dancille aliliangalia tumbo, akaona kovu chini ya kitovu.

"Hii kovu ni ya nini?"

"Balinipasua wakati wa kuzaa Jolie. Sasa miaka tisa," Nzigire alijibu.

"Tangu jana umejamba?"

Nzigire akainamisha uso. Mzee Bashige alikuwa ameketi pale pale! Nyumbani kwao mke hataji jambo kama hilo mbele ya baba mkwe, hata akiumwa vipi.

"Eh, anajamba, haina shida," Ntabaza akajibu haraka. Alijuaje? Hakujua lolote. Aibu ndiyo iliyomsemesha.

Dancille si mtu wa kudanganywa kirahisi. Alimwomba mzee atoke nje kidogo, akauliza tena.

"Hapana, Mama," Nzigire alinong'ona. "Tangu jana hakuna kitu."

"Basi twende hospitali sasa hivi. Muntu mwenye tumbo imevimba, anatapika, na hewa haitoke, hangoji. Hakuna uji, hakuna maji, hakuna lavema."

Dancille akapiga simu, gari la wagonjwa likaja.

Hospitalini walimwekea Nzigire maji ya mshipani na mpira mwembamba puani, ili kupunguza yaliyojaa tumboni. Wakampiga picha ya kawaida ya eksirei. Kisha Daktari Umuhire, mama mwenye sauti ya taratibu, akasema anahitaji skana.

"Picha si mumeshapiga?" Ntabaza aliuliza.

"Ile imeonyesha kwamba utumbo umejaa. Haikuonyesha wazi umefungwa wapi, wala umefungwa na nini. Skana inapiga picha nyingi, nyembamba kama vipande vya mkate. Tunaangalia kipande kimoja kimoja."

"Lakini choo ilitoka!"

"Ilikuwa imeshapita pale palipofungwa. Ukibana mpira wa maji katikati, maji yaliyokuwa mbele si yatatoka bado?"

Ntabaza aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuelewa.

Mfanyakazi wa skana alimwuliza Nzigire maswali. Ana mimba? Ana ugonjwa wa figo? Kuna dawa iliyowahi kumdhuru? Safari hii Nzigire alijibu mwenyewe, kila swali. Wakamwingizia dawa ya picha mshipani, akasikia joto mwili mzima. Kitanda kikateleza ndani ya duara kubwa. Akaambiwa azuie pumzi, akazuia. Baada ya dakika chache akatolewa.

Ntabaza na Mzee Bashige walikuwa mlangoni.

"Umepona?" Ntabaza aliuliza.

"Hapana. Bado inauma."

"Sasa ile masini imefanya nini?" Ntabaza alikasirika kabisa.

Tusimcheke. Wengi wetu tungeuliza hivyo hivyo.

Daktari Umuhire akawaita mbele ya kompyuta, karibu na kitanda cha Nzigire. "Skana haitibu, Papa Jolie. Inatuonyesha pa kutibu. Tazama. Lile kovu la zamani limeota uzi wa nyama ndani ya tumbo. Uzi huo umeufunga utumbo mwembamba hapa, na damu inafika kidogo tu. Tukichelewa, sehemu hii itakufa, na yeye anaweza kufa. Ni lazima tumpasue leo."

"Kupasua kulileta shida, na munataka kupasua tena?" Ntabaza akadakia.

"Na lavema?" Mzee Bashige aliuliza polepole.

"Lavema haifiki huko, Mzee. Ingeweza hata kumwumiza."

Ntabaza akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Tumbo ni yangu," Nzigire alisema kutoka kitandani. "Bapasue."

Walimpasua mchana ule ule. Waliukata ule uzi, na utumbo ukarudia rangi yake. Hakuna kipande kilichotolewa. Jioni Mzee Bashige alirudi nyumbani, akakitoa kipira nyuma ya mlango, akakitupa chooni.

Kazi moja ilibaki. Daktari alisema utumbo umelala, na hewa ikitoka watajua umeamka. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Ntabaza hakula.

Siku ya tatu Mzee Bashige alifika wodini, iliyojaa wagonjwa na wageni wao. Akaketi. Akakohoa. Akaitazama sakafu, kisha akamtazama mkamwana wake usoni.

"Mama Jolie," alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "umejamba?"

Wodi nzima ikageuka kumtazama.

"Ndiyo, Papa," Nzigire akajibu. "Mara mbili."