Poda Kichwani kwa Ntumba

Nyumbani kwa Muamba, hapa Kolwezi, mgeni aliulizwa asilimia walizopata watoto wake kabla hata hajapewa kiti. Muamba, fundi wa mgodini, alipenda kujigamba kwamba ukoo wake haujui kufeli. Basi siku ya matokeo, mtaa mzima ukiwamwagia watoto waliofaulu poda kichwani kuwapongeza, mkewe Mushiya alishikwa na aibu. Mwanawe mkubwa, Nkongolo, alifaulu vizuri. Ntumba, binti wa miaka tisa, alifeli tena darasa la kwanza. Mushiya akammwagia poda naye, majirani wasijue.

Ntumba akacheza barabarani. Aliamini amefaulu. Mushiya alimtazama, moyo ukamuuma.

Muamba akakata shauri: "Mi nimechoka. Shule ikianza, aende huko Sandoa kwa tantine yake, dada yangu, akalime."

Mushiya akabaki njia panda. Mtoto ni mvivu au mgonjwa? Mbona nyimbo za kanisani anazijua zote, na herufi aliyofundishwa asubuhi, jioni haikumbuki? Alikwisha kumchapa, akampeleka kwenye maombi. Kila mtu alimwambia lake.

Odile, jirani aliyefundisha watoto wenye ulemavu, alikuja kutoa pongezi. Mushiya akamweleza ukweli.

"Mama Nkongolo, ule mutoto haiko muvivu. Haiko bulozi, hakuna mutu alimuloga," Odile akasema. "Akili yake inajifunza polepole. Njo vile eko, alizaliwa vile."

"Sasa nifanye nini? Mi siyue tena."

"Umuonyeshe kitu moja tu. Mufanye pamoja, kisha umuache afanye yeye. Akikosea usimupige, urudilie."

Akamshauri pia ampeleke hospitali apimwe macho na masikio. Akapimwa; yalikuwa mazima.

Mushiya na Ntumba wakaanza na kunawisha watu mikono kabla ya kula. Kwanza kushika jagi tu, baadaye kumimina. Siku nyingine Ntumba alisahau yote, na Mushiya hakujua kama anamfundisha au anajidanganya.

Jumapili ya mwisho ya likizo, mkoba wa safari wa Ntumba ulikuwa tayari mlangoni. Chakula kilipoletwa, Muamba akanyoosha mkono amege bukari, ugali wao wa kila siku. Ntumba akamzuia baba yake.

"Tata, nawa kwanza."

Akammiminia maji, akampa sabuni, akamimina tena, akamletea taulo. Hakuna aliyemwelekeza.

Muamba akajifuta mikono polepole. Kisha akamwambia mkewe:

"Sandoa haendi. Na mi munionyeshe vile munamufundisha."

Sasa Ntumba anasoma shuleni kwa Odile, na ameandika herufi ya kwanza ya jina lake. Mushiya bado hajui binti yake atafika wapi. Ila hamfichi tena.