Nguo ya Kijani ya Sanamu

Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nane na dakika ishirini mchana, nilikuwa nimeketi barazani kwa Mama Donatille, Makanyagio, nikiwa na sumaku, mizani ya jikoni na daftari.

Nilisoma mambo ya kale chuo kikuu. Ajira sijapata, lakini nipo kwenye kundi la mtandaoni la watu wanaokusanya sanamu ndogo za shaba zilizopakwa rangi, za miaka mia na zaidi, na mimi huwasaidia kuzitambua. Ya Mama Donatille ilikuwa mwanamke aliyebeba mtungi. Urefu sentimita kumi na moja, uzito gramu mia tano na sitini. Marehemu mumewe alipewa na padri mmoja mzee huko Karema. Sumaku haikushika, kwa hiyo haikuwa chuma. Chini ya kitako kulikuwa na muhuri wa fundi. Nikaunakili daftarini.

Tatizo lilikuwa nguo. Ilikuwa ya kijani kizito, rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango.

"Hiyo nilipaka mimi," Mama Donatille alisema. "Mwanangu alivaa kitenge cha kijani siku aliyozama ziwani. Mwaka jana, mwezi wa tatu. Mwili hatukuupata. Sasa mimi ningezika nini? Nikampaka hapa. Uso nikauchora na njiti ya kibiriti."

Akanitajia jina la binti. Nikaliandika.

"Picha sina, zilikuwa kwenye simu yake. Nina huyu tu. Mchukue ukampige picha kwako kwenye mwanga, kesho unirudishie. Ila rangi usiiguse, mwana wanje," akaniita kwa kilugha chao, yaani mwanangu.

"Siwezi, mama," nikasema. Nilikuwa namaanisha.

Chumba changu kiko Kashaulili, nyuma ya duka la Zaitun, mwenye nyumba wangu. Saa kumi na dakika arobaini niliiweka sanamu dirishani. Kwenye pindo la nguo palikuwa na ufa, na ndani ya ufa nikaona waridi na nyuzi za dhahabu. Rangi ya asili, nzima. Nikajiambia nitafungua kidogo tu, ukubwa wa punje ya mchele. Wale watu wa kundi wangeniheshimu. Hiyo ndiyo sababu. Sina nyingine.

Nikachukua kijiti cha meno. Nikachokoa.

Rangi ya kijani haikupukutika. Iliambuka. Ilitoka yote kwa pamoja, kama nguo anayovuliwa mtu aliyelala, na ule uso mdogo ukatoka nayo. Nikaishika kiganjani. Upande wa ndani ulikuwa umelowa, na ulinuka dagaa.

Chini yake mwanamke wa shaba alikuwa anatabasamu, mashavu mekundu, mzuri kuliko sanamu zote nilizowahi kuona. Nikapiga picha kumi na nne.

Ya kumi na tano sikupiga, kwa sababu mtu alinong'ona nje ya dirisha.

"Dada, samahani."

Jua lilikuwa bado kali. Uani kulikuwa na kamba ya nguo na Zaitun peke yake, akichambua maharage.

"Dada. Mimi naitwa nani?"

Sauti ilikuwa karibu na wavu. Ya adabu. Ya mtu anayeona aibu kuuliza.

"Hadia!" Zaitun aliita kutoka alipokaa. "Unaongea na nani? Kama ni mchumba mwambie apite mlangoni, hapa hatuli watu!"

Nikafungua daftari. Mistari yote ilikuwepo: urefu, uzito, muhuri. Mbele ya neno "binti" palikuwa patupu. Nikajaribu kulikumbuka lile jina. Nilikuwa nimelisikia saa mbili tu zilizopita.

Halikuja.

"Sijui," nikanong'ona.

Matone yakaanza kudondoka kwenye kizingiti cha dirisha, kwa nje. Moja. Moja. Moja.

Sikungoja kesho. Nilichukua bodaboda, na kabla jua halijazama nilikuwa kwa Mama Donatille. Akaigeuza sanamu mikononi, akacheka kwa furaha.

"Kumbe ni mrembo hivi! Nani alikuwa amempaka marangi yale mabaya?"

"Ni wewe, mama. Ulimpakia mwanao."

"Mwanangu yupi?" Akanitazama, bado anacheka. "Mimi sikujaliwa kuzaa. Muulize yeyote hapa mtaani. Nyie wasomi mnachanganya sana watu!"

Nilifungua mdomo nimtajie jina. Sikuwa nalo.

Usiku huo sikulala. Asubuhi, saa moja na nusu, nilinunua kopo la rangi ya kijani na brashi ndogo, nikarudi Makanyagio. Nilikuwa nimepanga maneno: nimekosa, nilikuahidi nikavunja, nisaidie tumpake upya.

Uwanja ulikuwa umefagiliwa, mistari ya fagio imenyooka hadi barabarani. Mama Donatille alikuwa barazani na bakuli la uji linalofuka moshi. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Nimeamka nimekuta yote tayari," alisema. "Kufagiliwa, maji, uji. Tena uji wenye limao, ninavyoupenda. Nani angenifanyia hivi, mimi nisiye na mtoto? Ni wewe, mwana wanje?"

Nyuma yake, kutoka mlango wa jikoni, nyayo za maji zilikuja hadi kwenye kiti chake. Zilikuwa ndogo, za mwanamke. Hazikurudi.

Lile kopo lilikuwa kwenye mkoba wangu. Nililishika. Maneno niliyopanga yalikuwa yote mdomoni.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi."

Akanishika mikono yote miwili, akaniombea baraka kwa muda mrefu. Nikaketi hapo, nikaunywa ule uji hadi ukaisha, na sikuthubutu kutazama kule jikoni.