Godoro la Fundi Makochi

Fundi makochi hakuwa na mashine ya umeme. Hakuwa na msaidizi, wala duka lenye mlango. Alishonea barazani kwake. Sponji peke yake ndiyo hakuikosa.

Alipopata mtoto wa kwanza, alimshonea godoro nene, laini, lenye mito pembeni. Akamlaza kifudifudi.

"Mume wangu, mkunga alisema alale chali," mkewe alimwambia.

"Chali, apaliwe na maziwa? Mkunga ajue uzazi. Magodoro aniachie mimi!"

Mke alicheka, akamwacha.

Mchana mmoja alitoka kuanika nguo. Aliporudi, uso wa mtoto ulikuwa umezama kwenye sponji. Midomo ilikuwa ya bluu. Alimnyakua huku akipiga yowe. Mtoto akavuta pumzi, akalia.

Walikimbilia hospitali. Muuguzi alimpima mtoto, kisha akauliza alivyolazwa. Fundi alieleza huku akitazama sakafu.

"Baba, mtoto mchanga hana nguvu ya kuinua uso," muuguzi alisema. "Akizama kwenye sponji, anakosa hewa. Mlaze chali kila anapolala. Godoro liwe gumu na bapa. Usiweke mto wala blanketi zito. Moshi wa sigara usiingie chumbani."

"Na akicheua?"

"Atameza au atakohoa. Kulala chali hakumpalii. Lakini ukiona pumzi zinakatika, au midomo inabadilika rangi, usingoje. Mlete mbio."

"Mke wangu aliniambia, dada. Nikajifanya najua."

"Yowe langu ulilisikia," mkewe alisema. "Maneno yangu hukuyasikia."



Walipotoka hospitali fundi alishona godoro jembamba, gumu. Mtoto alilala chali, akapumua vizuri, akanenepa. Lakini baba yake hakutulia. Godoro laini kama lile alikuwa amempelekea mdogo wake wa kike, aliyekaribia kujifungua. Tena alikuwa amelisifia! Alimpigia simu, haikupatikana.

Akaandika barua:

"Mdogo wangu, lile godoro usimlazie mtoto. Nilikosea. Nusura nimpoteze wangu. Mlaze chali, kwenye godoro gumu, bila mto. Mkunga akikueleza, msikilize yeye, si mimi."

Alifunga bahasha kwa gundi ya makochi, akaibana mpaka ikashika. Kisha akakimbia stendi, akaikabidhi kwa kondakta wa basi lililokuwa linaondoka kwenda anakoishi mdogo wake.